Cherehani Iliyokataa Kanga za Binti Yangu

Cherehani mpya ililetwa kwangu Gongoni, hapa Tabora, na mwanangu anayeishi Dar es Salaam. Ilikuwa ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke wa Kizungu anacheka. Mimi sikucheka. Tangu nijifunze kazi hii nilikuwa nashonea cherehani ya miguu, nyeusi, chuma kitupu, na kila kitu mnachokiona kwangu kimetoka kwenye kanyagio lile. Nyumba ya bati imetoka pale. Watoto wamesoma kutoka pale. Mimi mwenyewe shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na mpaka leo nikipima kitambaa nagawanya kwa kukikunja, na sijawahi kumkosesha mteja hata kipande cha kufutia kamasi.

Lakini mguu wa kulia ulianza kufa ganzi kutoka nyonga kushuka chini. Nakanyaga kidogo, nasimama, naupigapiga kama punda mkaidi, nakanyaga tena. Mwanangu alikuja likizo akaniona. Aliporudi safari nyingine akaja na boksi.

"Baba, hii ni ya umeme. Unaigusa kwa ncha ya kidole cha mguu tu, inakwenda. Tena ni ya mifarishi hasa. Angalia mkono wake ulivyo mrefu, mfarishi mzima unapita chini bila kukunjamana."

Hapo alinishika, kwa sababu mifarishi ndiyo iliyonipa jina mjini hapa. Suruali kila mtu anashona. Mfarishi ni kitu kingine. Unatandika kitambaa cha chini, juu yake unamwaga pamba iliyochambuliwa na kupigwa kwa fimbo mpaka imekuwa kama povu, juu yake unaweka kitambaa kingine, halafu unapitisha mishono huku na huku ili pamba ikae mahali pake, isikimbilie pembeni ikamwacha mtu katikati analala na matambara mawili. Pamba yangu inatoka Igunga. Wageni wanaodhani Tabora ni joto tu, hawajalala hapa mwezi wa saba.

Mwanangu akaifunga ile cherehani barazani, akatia uzi uliokuja ndani ya boksi, akashona kwenye kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu. Mishono ikatoka myembamba, imelingana kama punje za mtama. Nikageuza nyuma, nikatazama. Nyuma sawa na mbele. Nikamwambia haya, siyo mbaya. Akacheka, maana ananijua, hiyo kwangu ni sifa kubwa. Keshoye akapanda basi akarudi kazini.

Nikaiacha ikae siku kadhaa chini ya kitenge, kwa sababu kazi ya kwanza niliyotaka kuifanya juu yake haikuwa ya mteja.

Mjukuu wangu alikuwa anaolewa. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza, na mama yake alifariki yeye akiwa ndiyo anaanza kusimama kwa kushika viti. Tumemlea sisi, mimi na bibi yake. Mama yake hamkumbuki hata kidogo, wala sura, wala sauti, na picha tuliyo nayo ni moja, imefifia, ukiitazama unaona gauni kuliko uso. Alichoachiwa ni sanduku la kanga. Alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa analifungua, anazitoa moja moja: hii mama yako alikwenda nayo shamba, hii alivaa siku ya Idi akaimwagia pilau, hii aliletewa na baba yako kutoka Mwanza. Mtoto alimjua mama yake kwa njia hiyo, kitambaa kwa kitambaa.

Na kwetu, ninasema kwetu, katika nyumba ya baba yangu, binti hatoki kwenda kwa mume bila mfarishi ulioshonwa kwa kanga za mama yake, na lazima ushonwe na mzazi wake au na mtu wa upande wa mama. Kitanda watampa huko aendako, kabati watampa, hicho hawawezi kumpa. Mama yangu aliwashonea dada zangu kwa mkono. Mimi nilimshonea binti yangu kwa kanga za mke wangu. Sasa ikawa zamu ya mtoto wake, na kanga za marehemu haziongezeki. Ukiharibu moja, dukani huipati.

Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya kazi yoyote ya heshima. Nilichukua uzi mpya, nikaupaka nta.

Hili nilieleze. Tabora ni nchi ya nyuki. Asali inaliwa, inauzwa, inayobaki ni nta, na fundi aliyenifundisha kazi, mzee mmoja aliyekuwa anashona mahema na matandiko ya punda, hakuwahi kuingiza uzi kwenye sindano bila kuupitisha kwanza kwenye donge la nta. Uzi wenye nta hauozi, hausuguliki, haufumuki. Mifarishi yangu ya zamani ipo mjini humu mpaka leo, vitambaa vimechakaa lakini mshono umeng'ang'ania. Basi ndivyo nifanyavyo. Uzi wa juu nauvuta wote kupitia kwenye nta, nauviringisha upya kwenye kigogo chake, halafu ndiyo nakaa kushona. Wa chini, wa kwenye bobini, nauacha kama ulivyo.

Nikatandika kanga ya kwanza, ile ya shamba. Nikatia pamba. Nikagusa kwa kidole cha mguu. Ikaenda. Jamani, ilikwenda! Mistari ya mwanzo nilishona huku nikijisikia kijana, nikaanza kufikiria kazi nyingine nitakazozichukua.

Halafu sauti ikabadilika. Fundi anasikia kabla hajaona. Nikageuza nyuma.

Kwa juu uzi umelala umenyooka, hauna shida. Kwa chini, aibu. Vitanzi vimelegea, vimejikusanya, vimesokotana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Ukivuta uzi mmoja kwa kucha, mstari mzima unafumuka.

Nikasema sawa, mashine ngeni, tujuane. Nikafumua. Nikabadilisha sindano, kwa sababu sindano ndiyo mshukiwa wa kwanza siku zote. Ikiinama kidogo tu inaruka mishono. Vilevile. Nikaitoa nikaigeuza, nikidhani nimeiingiza upande usio wake. Ikakataa kabisa kukamata uzi, nikairudisha. Nikatoa bobini, nikapuliza vumbi la pamba, nikairudisha. Mishono mitatu mizuri, wa nne kitanzi. Nikakaza kile kitufe cha namba kinachobana uzi wa juu. Nikakaza tena. Nikakifikisha mwisho kabisa, kikagoma kuzunguka, na uzi bado unateleza kama hakuna aliyeushika.

Kila mara nafumua. Na kanga ya zamani si marekani. Imefuliwa mara ngapi, imeanikwa juani mara ngapi. Ukifumua mshono, tundu la sindano linabaki wazi linakutazama. Ukishona tena palepale, matundu yanakuwa mawili. Nilianza kuhisi kama mtu anayemchoma mgonjwa sindano akitafuta mshipa.

Nikampigia mwanangu simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Cherehani yako imekufa."

"Imekufaje, baba? Haiwaki?"

"Inawaka. Ingekuwa haiwaki ningekuwa na amani."

Nikamweleza. Akaniuliza kama nimefuata kile kitabu. Nikamwambia kitabu kimeandikwa Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mimi hata Kiswahili nakisoma kwa kupumzika njiani. Akasema atanitumia video. Ikaja, kijana mmoja anaongea haraka kama anayefukuzwa. Mwanangu akasema geuza sindano, nikamwambia nimegeuza. Badilisha uzi, labda mbovu.

Nikaenda dukani kwa yule mzee wa Kihindi ninayenunua kwake nyuzi tangu baba yake yupo kwenye kaunta. Akaushika uzi aina ileile, akaukata kwa meno, akanipa.

"Mzee wangu, mafundi wote wanachukua huu. Hakuna aliyerudisha. Wewe kwanza umerudisha."

"Sijaurudisha. Nauliza."

"Basi na mimi nakujibu."

Nikachukua mwingine, rangi ileile, kutoka katoni mpya. Nikarudi nyumbani. Nikaupaka nta vizuri zaidi kuliko wa kwanza. Naona aibu kusema hapa, lakini ndivyo nilivyofanya, vizuri zaidi kuliko wa kwanza.

Siku hizo nyumba ilikuwa imejaa pilikapilika za harusi. Mke wangu alikuwa anachambua mchele barazani pamoja na mtani wangu. Huyu ni mama wa Kizaramo, mumewe alikuwa mtu wa reli, akaletwa Tabora na kazi, akafia hapa, na mjane akakataa kurudi kwao. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mababu zetu walikuwa wakifika kwao na mizigo mabegani, wamechoka, wana njaa, na matusi yakaanzia hapo mpaka leo hayajaisha. Mtani akiingia kwako anasema anachotaka na huna ruhusa ya kununa.

"Hodi kwa wapagazi!" ndivyo anavyobisha kila siku.

"Karibu, mla nazi."

Siku hiyo alikaa na ungo wake akinitazama nikifumua. Akatazama muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Mtani," akasema, "babu yako alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe sindano imekushinda kutoka hapa mpaka hapo?"

"Na babu yako alikuwa amekaa pale Bagamoyo anamsubiri amuuzie maji."

"Alimuuzia! Na akalipwa! Sasa wewe nani atakulipa kwa hayo makorokoro unayoshona?"

Mke wangu akacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nikachukua kanga nyingine ya sandukuni, nyekundu, nikaitandika juu ya pamba, kwa hasira. Kamwe usikae kwenye mashine ukiwa na hasira. Nikakanyaga mpaka chini.

Cherehani ikanguruma, ikakwama, ikavuta. Vitanzi vilijaa chini ya sindano, meno yanayosukuma nguo yakaving'ata, na kanga ikazama ndani ya lile tundu kana kwamba mtu yuko chini anaivuta kwa mikono. Nilipozima, nilisikia kitambaa kinachanika. Mlio mdogo tu. Nikakata nyuzi kwa wembe nikaitoa. Katikati ya kanga, mahali ambapo huwezi kukata ukatupa, kulikuwa na tobo la kupitisha ngumi.

Nikaikunja, nikaisukuma nyuma ya gunia la pamba. Wale wanawake walikuwa wanabishana kuhusu mawe kwenye mchele, hawakuona. Au nilidhani hawakuona.

Nilikaa nikiitazama ile mashine. Sitaki kudanganya, niliwaza kuipeleka kazi kwa fundi mwingine. Wapo vijana sokoni wana mashine kubwa, wangeimaliza kabla ya adhuhuri. Lakini wao si watu wa upande wa mama wa mtoto huyu. Kwa mkono siwezi tena, vidole vimekakamaa, sindano ndogo naiangusha nikaitafuta kwa kupapasa. Na cherehani ya zamani inataka mguu. Nikaona kama nimefungiwa mlango pande zote, na binti yangu yuko upande wa pili na nguo zake zimechanika.

"Mtani!" yule mama akaita tena. "Hebu niambie ukweli. Mwanao amekuletea cherehani au mzinga?"

"Mzinga gani?"

"Huoni nyuki?"

Nikatazama. Kweli, nyuki mmoja alikuwa anazunguka juu ya mashine. Nikampunga kwa mkono, akaondoka, akarudi. Nyuki Tabora si kitu cha kushangaza, lakini huyu hakuwa anapotea njia. Alitua karibu na taa ndogo ya cherehani, akatembea, akafika kwenye ule ufa mwembamba uzi unapoingilia ndani, akasimama mdomoni pake, akatia kichwa. Akaingia nusu. Akatoka. Akaingia tena.

"Anakaribishwa kwao," mtani akasema. "Mpishe."

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia utani. Nyuki hafuati chuma, wala plastiki. Nikasogeza pua. Mle ufani mlikuwa mnanukia nta, nta iliyopata moto, harufu nzito ya mzinga uliorinwa jana.

Kwenye cherehani yangu ya zamani, vile visahani viwili vinavyobana uzi wa juu viko nje, unaviona. Na kila Ijumaa kabla sijaenda msikitini navipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Fundi wangu alinifundisha hivyo, na mimi nilidhani ni usafi tu, kama kufagia kibanda. Hakuniambia kwamba ni kwa sababu ya nta, na mimi sikumwuliza. Hii mashine mpya visahani vimefichwa ndani ya tumbo. Huvioni, huwezi kuvipangusa, na taa ile inavipasha moto siku nzima. Nta yangu ilikuwa inaingia na uzi, inabaki mle, inajazana. Visahani havifungi. Uzi haubanwi. Ningekaza kile kitufe mpaka kiama.

Nikampigia mwanangu.

"Naifungua."

"Baba, usifungue! Ukitoa skrubu hata moja garantii inakufa!"

"Acha ife. Haijawahi kunisaidia ikiwa hai."

Nikachukua bisibisi. Kifuniko kilitoka kwa mlio wa kuvunjika ingawa hakikuvunjika. Na mle ndani, kati ya visahani viwili vidogo vinavyong'aa, kulikuwa na nta ya kahawia imeshindiliwa, imechanganyika na vumbi la pamba, nyingi kiasi kwamba ungeweza kubandikia mkuki mpini wake. Mtani na mke wangu waliacha mchele wakaja kuchungulia.

"Duh," mtani akasema. "Mwenyewe umejirinia asali."

Nilimwambia asante? Sikumwambia. Mtani haambiwi asante, anaambiwa arudi kwao. Nikamwambia arudi kwao. Akaenda kunitafutia mafuta ya taa, siku hizi ni shida kuyapata, akarudi na kidogo kwenye chupa ya soda.

Nikainua ule mguu unaokandamiza nguo, maana ukiwa juu visahani vinaachana. Nikachana utepe wa marekani, nikauchovya, nikaupitisha katikati nikauvuta huku na huku kama mtu anayesafisha meno. Utepe wa kwanza ukatoka mweusi. Wa pili kahawia. Niliendelea mpaka utepe ukatoka na rangi yake. Palipobaki nta pembeni nikapachokonoa kwa njiti ya kiberiti, chuma hapana, chuma kingevikwaruza. Kisha nikaenda tena kwa Mhindi, nikanunua uzi mwingine. Sikuupaka kitu. Kabla sijautia kwenye mashine niliukata nikauvuta kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Ulinikata kidole kabla haujakatika. Nikajisemea basi, mzee, siku hizi uzi unatengenezwa vingine, hauhitaji nta.

Nikajaribu kwenye marekani. Mistari ya kwanza ilitoka na doa la mafuta. Iliyofuata ikatoka safi, juu na chini. Punje za mtama.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipotoka na chai yangu.

"Babu, imekubali?"

"Imekubali. Mlikuwa mnanicheka."

"Mimi sijakucheka. Nimekuombea." Akaweka kikombe, akainama kuvuta gunia la pamba apate pa kukaa, na ile kanga nyekundu ikaanguka.

Nikazima mashine. Akaiokota, akaikunjua, mwanga ukapita kwenye lile tobo.

"Hii ni ipi?" akauliza. Aliijua. Alitaka nimwambie mimi.

"Ndiyo aliyokubebea mama yako mgongoni."

"Na hapa?"

"Hapo mimi ndiye niliyeichana. Siyo mashine. Mimi, kwa hasira na kwa nta yangu."

Akakaa chini na ile kanga mapajani. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa tobo, polepole, kuzunguka. Mimi huwa namtania huyu mtoto, namwita mke wangu mdogo, tangu alipochumbiwa na kijana wa Igunga namwambia ameniacha kwa ajili ya ng'ombe. Siku ile utani wote ulinikauka.

"Babu, usijali," akasema. "Tutaitoa. Zilizobaki zinatosha." Na alisema kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtu anayemhurumia mzee, na mimi ningeona afadhali angenifokea.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akageuka akaingia chumbani. Nikasikia anavuta kitu kitandani. Akarudi amebeba kanga imekunjwa ndogo kama kitabu. Akaikunjua mbele yetu.

Nyekundu. Pindo lilelile, maua yaleyale katikati, maandishi yaleyale. Imechakaa kidogo, lakini nzima.

Mnajua kanga inauzwa doti, vipande viwili pamoja. Mtu anaweza kuvivaa vyote, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Lakini mama na binti wakipendana wananunua doti moja wanagawana.

"Tulinunua pamoja sokoni," mke wangu akasema. "Yeye akiwa na mimba yako. Akachukua chake, mimi changu. Ya kwake ndiyo hiyo aliyokubebea."

"Ilikuwa wapi miaka yote?" nikamwuliza.

"Chini ya mto wangu."

Nimelala na mwanamke huyu kitanda kimoja. Najua akikoroma, najua upande anaolalia, ninajua anavyosema na marehemu mama yake usingizini. Hiyo sikuijua. Na hakuonekana kujali kwamba sikuijua.

"Nipe mkasi," akasema.

Mkasi wangu wa kitambaa hagusi mtu. Vijana waliojifunza kazi kwangu walikuwa wanajua kwamba ukikata karatasi kwa mkasi ule, umefukuzwa. Nikampa.

"Bibi, usikate yote," mjukuu akasema. "Bakisha kidogo. Wewe utabaki na nini?"

"Nibaki na nini!" mke wangu akamjibu, akatandika kanga juu ya meza yangu akaipigapiga kuondoa mikunjo. "Ya binti yangu mwenyewe si ilikubeba wewe? Na yangu ikufunike. Kaa hapo, usinitie kelele." Na akakata, moja kwa moja, bila kupima, mkasi ukilia. Alikata vizuri kuliko vijana wote niliowahi kuwafundisha. Hilo nimelisema hapa kwa sababu sikumwambia.

Tukashona. Mfarishi ukishajaa pamba ni mzito, unaivuta kazi chini ya sindano, na mishono inapinda. Kwa hiyo mke wangu alisimama upande wa pili wa meza akaupokea kwa mikono yote miwili, akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua kadiri unavyotoka, kama mtu anayepokea mtoto anayejifunza kutembea. Mtani akarudi kwenye mchele peke yake akituimbia nyimbo za kutudharau. Mjukuu alikuwa anafunga ncha za nyuzi. Kila baada ya mistari michache nilisimama nikageuza nyuma. Nilikuwa nimepoteza imani. Kila nilipogeuza, palikuwa sawa.

Uliisha alasiri. Ulikuwa unanuka mafuta ya taa, siwezi kukataa. Tuliuanika kwenye kamba, jirani mmoja akapita akauliza kama tunauza. Mke wangu akamwambia apite na njia yake.

Nikachukua ile nyekundu iliyochanika. Nilikata tobo, nikatoa upande ulioharibika, upande uliobaki nikaupinda pembeni pote kwa ileile cherehani mpya, mshono mwembamba, wa makini. Kilitoka kipande cha kujifunga kichwani, si kikubwa. Nikampelekea mke wangu barazani. Nilikuwa nimetayarisha la kumwambia, nimelipanga vizuri, lakini nilipofika nikamwambia tu, "Shika."

Akakipokea. Akakinusa kwanza, akakunja uso kwa ajili ya mafuta ya taa, halafu akavua kilemba alichokuwa amevaa, akajifunga hicho, akakikaza kwa nyuma.

"Sogea," akaniambia, "unaniziba mwanga." Na akaendelea kuchambua mchele.